Mche wa Mwisho kwenye Laini

Kwenye umwagiliaji wa matone, yaani dripu, taima hufungwa mwisho. Mwenye nyumba huwa ameinunua mapema, ameshaitoa kwenye boksi na kuibonyezabonyeza, na angependa kuiona ikifungua maji siku hiyohiyo. Fundi niliyemtazama akifanya kazi Sombetini, jijini Arusha, kwenye kitalu nyumba cha mita 5 kwa 8 kilichobanwa kati ya ukuta wa jirani na jiko la nje, hakuigusa kabisa.

“Hiyo tuiache kwanza, mama,” alimwambia mwenye nyumba. “Naomba ndoo moja ya maji.”

Ndoo ilipoletwa akajaza mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule ule ambao waashi hupimia usawa wa msingi. Akashika ncha moja kwenye kichwa cha tuta, kijana wake akashika ya pili mwishoni. Wakasubiri maji yatulie ndani ya mpira. Tuta lilikuwa limeshuka vidole vinne. Fundi akaomba jembe, na sehemu kubwa ya asubuhi ikaishia kwenye udongo: kupunguza huku, kujaza kule, kushindilia, kupima tena. Mtu aliyepita njiani angedhani wanapanda viazi.

Vidole vinne si kitu kwenye shamba la maua lenye pampu. Pampu inayosukuma maji kwa presha ya bar 1 ni sawa na tangi lililonyanyuliwa mita 10 hewani, na kwa nguvu hiyo bonde dogo kwenye tuta halina athari. Uani Sombetini hakuna atakayejenga mnara wa mita 10. Hapa maji yanateremka kutoka mita 1 na nusu tu juu ya udongo, na kwa kimo hicho kila sentimita ina thamani yake. Tuta likiinama sentimita 15, mche wa chini unapata presha zaidi kwa sehemu moja ya kumi kuliko wa juu. Kwa mwezi mmoja hutaona tofauti. Kwa msimu mzima utaona nyanya nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, na utalaumu mbegu.

Na ardhi ya Arusha inateremka, upende usipende. Jiji limekaa miguuni pa Mlima Meru, mlima wa zaidi ya mita 4,500, na maji yote yanaelekea kusini. Waarusha na Wameru waliutumia mteremko huo muda mrefu kabla ya mabomba, wakachimba mifereji ya kutoa maji mitoni hadi migombani na kugawana zamu. Kaskazini-magharibi zaidi, chini ya kingo za Bonde la Ufa, magofu ya Engaruka bado yanaonyesha mifereji na matuta ya mawe ya wakulima walioishi pale kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi. Wote hao walijua kuyaongoza maji bila injini. Fundi wa dripu anaanza na ujuzi huohuo, kisha anaugeuza: anautaka mteremko mpaka kwenye tangi na bomba kuu, na kuanzia hapo hautaki tena.

Tangi lenyewe ni simtanki jeusi la lita 500 juu ya stendi ya chuma ya mita 2. Weusi wake una kazi: mwanga ukipenya ndani, mwani unaota, na mwani ni adui wa tundu dogo. Stendi imewekwa juu ya zege kwa sababu lita 500 ni nusu tani, na nusu tani ikiinama juu ya kitalu cha mirunda na nailoni hakuna cha kuokoa. Maji yanaingia kutoka bombani siku za mgao, na mvua ikinyesha yanaingia pia kutoka kwenye gata la paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo paa la kitalu hiki peke yake, mvua ya milimita 10 ikipiga, lingeweza kutoa karibu lita 400. Ningekuwa mimi, maji hayo ya mvua ningeyapeleka jikoni na kuziachia nyanya yale ya bomba. Chemchemi na visima vingi vya kuzunguka Meru vina madini ya floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ya watu waliokulia huku yanaeleza habari hiyo bila maabara. Huko Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kilichoshughulika na kuchuja floraidi kwa makaa ya mifupa. Mvua haina shida hiyo. Lakini hayo ni mambo ya mwenye nyumba. Fundi hakuulizwa naye hakusema.

Kilichonivutia kuliko vyote ni ndoo. Kati ya tangi na matuta, fundi alitundika ndoo nyeusi ya lita 20 yenye mfuniko, na ndani yake akafunga floti, boya lilelile linalokata maji kwenye tangi la choo. Nilidhani ni ubahili wa vifaa. Kumbe ndoo hiyo ndiyo roho ya mfumo. Tangi likiwa limejaa, maji yako mita 3 juu ya matuta. Likikaribia kwisha, yako mita 2. Kwa tofauti hiyo pekee, matone ya tangi linaloishia hupungua kwa karibu moja ya tano. Ungeiwekea taima saa moja kila siku, na saa moja ya Jumatatu isingekuwa sawa na saa moja ya Alhamisi. Ndani ya ndoo, floti inaruhusu maji yaingie kadiri yanavyotoka, na uso wa maji unabaki palepale, mita 1 na nusu juu ya matuta, tangi lijae au lipungue. Fundi alichagua floti yenye tundu pana, maana zile za kawaida zimetengenezwa kwa presha ya bomba la mtaani, na kwenye maji ya tangi hutiririsha kidogo mno.

Wazo hilo ni la kale sana. Ktesibios wa Iskandaria, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alitengeneza saa ya maji ambayo boya lilidhibiti maji yake yasizidi wala kupungua. Al-Jazari, aliyekamilisha kitabu chake cha mitambo mwaka 1206, alitumia maboya ya aina hiyo kwenye saa na chemchemi zake. Leo boya hilo ni la plastiki, linauzwa duka lolote la vifaa vya bomba, na watu wengi hulifikiria tu choo kinapovuja.

Kutoka kwenye ndoo maji yanaingia bomba kuu, na bomba kuu linatobolewa mara 8: matuta 4, laini 2 kila tuta. Hapa mkono wa fundi ulikwenda taratibu sana. Alitoboa kwa keekee ya ukubwa kamili wa raba, akizungusha kwa mkono badala ya umeme, na kila tundu lilipokamilika aligeuza bomba lielekee chini na kuligonga ili chembe za plastiki zidondoke. Kisha raba, kisha konekta iliyolowekwa kidogo kwa maji ya sabuni, ikaingia kwa mlio mdogo kama wa kufungua soda. Hakuna gundi, hakuna uzi wa kuzungushia. Raba ikikaa sawa inashika yenyewe. Isipokaa sawa, hakuna gundi itakayoiokoa.

Kijana alipouliza kwa nini laini isitobolewe tu kwa sindano ya moto, kama wanavyofanya wengine na mipira ya kawaida, fundi alikata kipande cha tepu ya laini, akakipasua kwa wembe kwa urefu na kukifungua kiganjani. Ndani, nyuma ya kila tundu, kulikuwa na njia nyembamba iliyojikunja huku na huku yenye meno pande zote mbili, urefu wa vidole viwili hivi. Maji yanapita humo yakijigonga kila kona na kupoteza nguvu, ndiyo maana yanatoka tone kwa tone ingawa njia yenyewe si nyembamba kama sindano. Tundu la sindano, ili litoe tone, lazima liwe dogo kiasi cha kuzibwa na chembe moja ya mchanga. Njia ndefu inaweza kuwa pana na bado ikatoa kidogo. Wazo la kuyachosha maji kwa safari ndefu ndilo lililomfikisha mhandisi Simcha Blass kwenye dripu ya kisasa. Inasimuliwa kwamba miaka ya 1930 alionyeshwa mti ulionenepa kuliko wenzake, akafukua na kukuta bomba linavuja chini yake. Mwaka 1965, pamoja na kibutzi (kijiji cha ushirika) cha Hatzerim nchini Israeli, wazo hilo likawa kampuni ya Netafim.

Hesabu yenyewe ni fupi, na fundi aliifanya kwa kalamu ya waashi ubavuni mwa tofali. Laini ya mita 7 yenye tundu kila sentimita 30 ina matundu 23. Mara 8 ni 184. Tundu lililoandikwa lita 1.6 kwa saa kwenye kimo cha mita 10 hutoa kama lita 0.6 kwenye mita 1 na nusu. Jumla ni lita 110 kwa saa. Kila mche wa nyanya unakaa kati ya matundu mawili, unapata lita 1 na kidogo, na nyanya iliyokomaa inataka kati ya lita 1 na 2 kwa siku kufuatana na jua. Kwa hiyo tangi likijaa, mgao unaweza kukatika siku 4 na nyanya zisijue.

Kisha vikombe. Fundi alifungua ncha zote za laini na kuyaacha maji yatoke hadi yakawa meupe, akazifunga, akachimbia makopo matupu ya mtindi chini ya matundu: la kwanza, la katikati na la mwisho kwa kila laini. Akafungua maji kwa dakika 10 na kupima kila kopo kwa bomba la sindano. Matarajio ni mililita 100. Wataalamu wa umwagiliaji huchukua robo ya makopo yaliyopata kidogo zaidi, wakalinganisha wastani wake na wastani wa yote. Ukifikia asilimia 90 umefanya vizuri. Laini moja ilitoa 70 tangu mwanzo hadi mwisho. Fundi hakuonekana kushangaa wala kukasirika. Akachomoa konekta, akachungulia, akatoa kwa ncha ya wembe chembe nyeusi ya plastiki iliyoponea wakati wa kutoboa. Akapima laini hiyo upya, kisha zote upya, kwa sababu maji yaliyokuwa yamezuiwa hapo yalikuwa yamekwenda kwingine.

Wateja wengi wangemlipa aondoke kabla ya makopo, na mafundi wengi wangeondoka. Lakini gharama ya kutopima inalipwa na mche. Nyanya inayopata maji mengi leo na kidogo kesho inapasuka, au inaoza kitako: doa jeusi linaanzia chini ya tunda, na mkulima anakimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya kalsiamu. Mara nyingi kalsiamu ipo tele kwenye udongo. Inasafiri na maji, na maji yakisuasua haifiki kwenye tunda. Maji yasiyosuasua ndiyo faida kubwa ya kumwagilia kwa mtambo, na nadhani inasemwa mara chache mno. Watu husifu kuokoa muda na kutobeba ndoo. Mimi naona kikubwa ni kwamba mkono wa binadamu, hata uwe na upendo kiasi gani, haujui kutoa kipimo kilekile siku 90 mfululizo.

Ndipo taima ikatoka kwenye boksi. Mwenye nyumba alikuwa amenunua mbili, na moja ikarudishwa dukani. Hiyo ilikuwa na kiwambo cha mpira ndani, kinachotegemea presha ya maji yenyewe kujifunga; kwenye maji ya ndoo kingebaki nusu wazi na kudondosha usiku kucha. Iliyobaki ina gololi yenye tundu inayozungushwa na mota ndogo ya betri, na hiyo haijali presha. Ikawekwa saa 12 asubuhi, ili unyevu upungue kitaluni kabla ya usiku, maana baka jani hupenda majani yanayolala yakiwa na maji.

“Julai nipigie, mama,” alisema fundi. “Kukiwa na baridi na mawingu, tutaikata nusu. Januari tutaigawa mara mbili, asubuhi na saa nane.”

Mwenye nyumba alifundishwa kuosha chujio la mtambo kila Jumamosi na kufungua ncha za laini mara moja kwa mwezi. Ncha hizo hazina kifuniko: tepu inakunjwa mara mbili, kisha kipande kifupi cha tepu hiyohiyo kinavishwa juu yake kama pete. Aliachiwa pia konekta kadhaa na mita chache za tepu, kwa ajili ya panya. Panya wakati wa kiangazi hutafuna laini wapate kunywa, na dawa waliyoafikiana ni kisahani cha maji kwenye kona ya kitalu. Kisahani hicho mama anakijaza mwenyewe kila jioni, kwa kikombe.