Mchezo wa Robo Milimita

Oili ilipoanza kushuka kwenye karai, Ami Fundi alichovya kidole, akakisugua kwa gumba, akanigeukia. "Hii si oili tena, mwanangu. Hili ni tui."

Na kweli ilikuwa nyeupe. Land Rover yangu, Series III ya chesisi fupi, imevuta mashua miaka mingi, ikirudi kinyumenyume majini mpaka ekseli inazama. Difu iliyopata moto barabarani ikitoswa ghafla kwenye maji, hewa iliyomo ndani hunywea, na bahari hufyonzwa kupitia kipumulio na sili zilizochoka. Chumvi ikishaingia, beringi hazina siku nyingi.

Karakana ya Ami ni ua tu, huku kisiwani Mombasa, upande wa Makupa. Nilifika nikiwa nimeshapigwa hasara kwingine: gari lilikuwa likivuma nikikanyaga mafuta, likigonga "to!" nikiachia klachi, na fundi wa kwanza akanibadilishia pinioni peke yake, iliyotolewa kwenye difu nyingine. Mvumo ukageuka kilio. Ami alipoambiwa alitikisa kichwa. "Wamemwoza mke wa mtu." Kraunwili, lile gurudumu kubwa la meno, na pinioni, dogo linaloizungusha, husagishwa pamoja kiwandani hadi meno yazoeane, kisha hutiwa alama moja. Ukizitenga, hakuna shimu, kile kipande chembamba cha kujazia pengo, itakayozipatanisha.

Jozi mpya ilikuwa na meno 47 kwenye kraunwili na 10 kwenye pinioni. Hesabu hiyo si ya bahati nasibu. Kwa kuwa 47 na 10 hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1, kila jino la huku huonana na kila jino la kule, na pinioni huzunguka mara 47 kabla ya meno mawili yaleyale kukutana tena. Uchakavu unagawanywa sawa, kama mchango wa harusi. Ila jino likimeguka, nalo huwazungukia wote.

Kazi yenyewe ya difu anaijua kila anayeendesha Mji wa Kale, hata asipojua jina lake: ukikata kona kutoka Ndia Kuu, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, na lazima pawe na kitu cha kuyaruhusu yaachane mwendo. Tuktuk inacho pia.

Kilichonikalisha pale kutwa ni upimaji. Ami alikaza beringi za pinioni, akazungusha uzi kwenye flanji, akaufunga kwenye mizani ya ndoana aliyoazima kwa mwuza samaki, akavuta taratibu. Hatazami uzito wa kuanza. Anatazama mshale ukishatulia, pinioni ikiwa inazunguka. Ulikuwa juu. Akafungua kila kitu, akaongeza shimu nyembamba kama ganda la kitunguu, akafunga upya. Mara tatu.

Kisha akapaka meno machache rangi nyekundu ya mashua iliyochanganywa na grisi, akazungusha, akainama. Alama ilikuwa juu, kwenye ncha za meno: pinioni iko mbali. Akaisogeza ndani. Alama ikashuka katikati, duaradufu ndogo kama punje ya kunde.

Mwisho ulikuwa mchezo, ile nafasi kati ya jino na jino. Ikibana, oili haipiti na meno yanaungua, ikilegea, yanapigana. Kwa difu hii inatakiwa kati ya milimita 0.20 na 0.25. Ami aliitikisa kraunwili kwa vidole, akasema, "Tayari." Kisha, ingawa alishasema tayari, akaweka geji ya saa. Ikasoma 0.22.

Tuna desturi ya kumsifu fundi wa mtaani kwamba hukisia tu na mambo yakakubali. Mimi naona hilo ni tusi lililovikwa kanzu. Vidole vya Ami vinajua, lakini haviamini mpaka viulize.

Tukajaza oili tisini, tukaenda mpaka Ngomeni na kurudi, vioo vimefungwa, bila redio. Nilisikia tairi, nikasikia adhana ya adhuhuri. Difu sikuisikia.

Mizani ilirudi sokoni imefutwa kwa kitambaa, ila ndoana bado inanuka oili. Mwuza samaki aliinusa, akamtazama Ami, akasonya, akatundika changu.