Kigari cha vinywaji hakikuleta munkoyo

Bandugu ba lisansi, kwanza niseme wazi: golf sichezi, na pesa ya kuicheza sina. Niliingia kwenye yale majani siku moja ya mwezi wa kumi kwa mlango ambao wengi wetu tunapitiaka: mlango wa kazi ya siku moja. Kampuni fulani ilikuwa na mashindano yake, ikalipa mtu wa kupika na kugawa chakula, naye akatafuta vijana wa kumsaidia. Hakuna aliyeuliza lisansi yangu ya agronomi. Waliuliza tu kama naweza kusukuma glasiera.

Kampuni sitaitaja, na mpishi pia sitamtaja. Kintu ninachokosoa si mtu. Ni menyu.

Niwaeleze wasiojua. Golf kamili iko na mashimo 18. Anayecheza kwa miguu anatembea karibu kilomita 8 mpaka 10, kwa muda wa zaidi ya masaa 4, na mwezi wa kumi kwetu Lubumbashi ni mwezi wa jua kali mbele ya mvua kuanza. Hakuna mtu anaweza kungoja mpaka mwisho ndipo anywe. Njo maana kuna kigari kinachozunguka na vinywaji, na kuna kibanda cha katikati, baada ya shimo la 9. Afrika Kusini wamekifanya kile kibanda kuwa desturi kabisa: watu wanasimama, wanakula, halafu wanaendelea na mashimo 9 yaliyobaki.

Tuanze na mazuri, juu ukosoaji bila haki ni wivu tu. Kazi ilifanyika vizuri. Barafu haikuisha. Kigari kilifika kila mara mbele ya watu kuanza kulalamika. Tena mpishi alijua jambo ambalo wengi hawajui: chakula cha golf kinapaswa kushikwa na mkono mmoja, kisichuruzike mafuta, kisilale nzito ndani ya tumbo. Mtu mwenye vidole vya mafuta hashiki fimbo. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba nilitaka waleteewe bukari na sombe pale kwenye majani. Hapana. Bukari iko na mahali pake, na maji ya kunawa pembeni.

Lakini tuangalie ndani ya glasiera. Sandwichi za jamboni. Chipsi za pakiti. Pomu za Afrika Kusini. Soda. Maji ya chupa. Bia za Simba na Tembo, ambazo kweli zinatengenezwa hapa hapa Lubumbashi na tunajivunia, lakini shayiri yake haitoki kwenye mashamba yetu. Nilisukuma ile glasiera siku nzima, na ndani yake sikuona hata kintu kimoja ambacho mtu wa agronomi wa Katanga angeweza kusema: hiki tumekilima sisi.

Karibu na shimo la 10 nikaona wabeba mifuko ya fimbo, wale wanaoitwa kadi, wamekaa chini ya muti. Kilomita ni zile zile, jua ni lile lile, na mufuko uko juu ya bega lao. Lakini niliagizwa mapema: vinywaji ni vya wachezaji. Papa mmoja, mwenye miaka kama ya baba yangu, alikuwa na kibidoni cha lita 2.

— Papa, unakunywa nini?

— Munkoyo, mwanangu. Mama wa ku nyumba njo alitengeneza jana mangaribi. Onja tu. Leo iko tamu, kesho itakuwa mukali.

Nikaonja. Ilikuwa na ubaridi wa kivuli, utamu mdogo, uchungu wa mbali wa mizizi. Nasema kama mkosoaji, si kama mtoto wa nyumbani: siku ile, kile njo kilikuwa kinywaji bora kuliko vyote kwenye uwanja, na hakikuwa ndani ya glasiera yangu.

Tena si mambo ya ulimi tu. Mama anapika uji wa unga wa mahindi, anauacha upoe mpaka uwe vuguvugu, halafu anatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Mizizi ile iko na vimeng'enya vinavyokata wanga na kuufanya sukari. Uji mzito unalegea mbele ya macho yako, unakuwa maji matamu. Ukitia mizizi uji ukiwa moto sana, vimeng'enya vinakufa na hakuna kinachotokea. Bamama wanajua hii kwa kidole. Sisi tuliisoma kwa kitabu. Mwishoni unapata maji, sukari ya mahindi, na ikiwa ni ya siku ile, hakuna pombe ya kukulevya. Mtu anayetembea masaa 4 kwenye jua anahitaji nini kingine? Bia haimsaidii hata nusu ya ile.

Kwa nini basi haimo kwenye kigari? Jibu rahisi ni kusema matajiri wanadharau vya kwetu. Inawezekana, lakini mi naona jibu hilo linatuacha sisi bila kosa. Watu wa golf hawaogopi chakula cha kienyeji kikiwa kimetengenezwa vizuri. Kule Augusta, Marekani, kwenye mashindano ya Masters, sandwichi inayojulikana kuliko zote ni ya jibini na pilipili tamu, chakula cha kawaida cha watu wa kusini mwa nchi ile, na inauzwa dola 1 na nusu. Hakuna anayeona haya kuila.

Ukweli ni kwamba mpishi hangeweza kununua munkoyo hata kama angetaka. Haikai: kesho yake iko mukali, kesho kutwa imeanza kuwa pombe. Maji yaliyotumika hayajulikani yametoka wapi. Na mizizi inachimbwa porini. Ukichimba mzizi, mmea umekwisha. Kikanda pia vile vile: kingefaa sana kwenye golf, kipande kimoja mkononi, lakini viazi vyake ni vya maua ya porini yanayozidi kuchimbwa. Tukiuza bila kupanda, tunamaliza.

Shida hizi zote tatu, muda, maji, na mmea, ni za nani? Si za mchezaji wa golf. Ni zetu. Wakati huu huu, maheu ya chupa, ndugu ya munkoyo, inavuka Kasumbalesa kutoka Zambia na tunainunua bila kuuliza.

Wakati wa gavana Moïse Katumbi, makampuni ya migodi yaliagizwa kulima kila moja hekta 500 za mahindi. Tulibishana sana juu ya hekta, juu ya mbolea, juu ya bei ya mufuko wa unga. Hakuna aliyeuliza mahindi yale yanaweza kuwa nini kingine zaidi ya unga. Na wale wanaocheza golf ni wale wale wanaosaini mikataba ya kantini za migodi. Kinywaji kinachokubalika kwenye shimo la 9 kinaweza kufika kwenye meza ya mfanyakazi. Njo sababu nimeandika juu ya golf.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza ni dogo, na halingojei maabara: anayepanga mashindano ahesabu kadi kwenye vinywaji vyake. Chupa moja ya maji kwa mtu anayebeba mufuko wako si sadaka.

La pili ni letu. Nani kati yetu anaweza kujaribu kupasha munkoyo moto baada ya kuichuja, na kupima inakaa siku ngapi ndani ya chupa? Nani yuko na kipande cha shamba cha kupanda ile mizizi? Mama ya kutufundisha nimeshampata: yule papa wa shimo la 10 alinielekeza nyumbani kwake, na nilienda. Mama akaniuliza nimesoma nini. Nikamwambia. Akacheka, akanipa mwiko.