Mbayuwayu wa kwenye kikwembe

Wachapaji wa vikwembe vya waksi wanastahili pongezi, Mulungwishi kama popote pale vinapovaliwa kati ya Likasi na Kolwezi. Kitazame kwa karibu kikwembe cha mbayuwayu: bawa la ndege limepitiwa na mishipa myembamba ya buluu, na hakuna bawa linalofanana na jingine. Kitambaa huchapwa utomvu pande zote mbili kwa mashine, kikazamishwa kwenye nili, na pale utomvu ulipopasuka rangi hupenya. Ndiyo maana hakina ndani wala nje. Kazi hiyo haivumilii uzembe.

Wapo wasemao si chetu, kwani Vlisco, kampuni inayochapa waksi, ilianzishwa Helmond, Uholanzi, mwaka 1846, na kiwanda cha waksi cha kampuni ya ABC kilikuwa Hyde, karibu na Manchester. Ni kweli. Lakini kwa kipimo hicho Waingereza nao hawana chao: ndege na maua waliyochapa kwenye pamba karne ya 18 waliyaiga China na India, na Waholanzi waliiga ufundi wa nta kwa mafundi wa batiki wa Java, ambao nao walichora ndege wa Kichina. Hoja nzito zaidi ni kwamba faida kubwa ilibaki ng'ambo, hiyo siipingi. Hata hivyo, ni wanawake wa Afrika, wauzaji na wavaaji, walioipa mitindo majina na kuamua upi udumu. Unaponunua, geuza kitambaa: ndege akiwa amefifia upande wa pili, usilipe bei ya waksi.