Muziki na Shairi katika Shule za Sekondari za Dar es Salaam

Mtu aondokaye Mnazi Mmoja akashika barabara ya Uhuru kuelekea soko la Kariakoo hupita, kwa mwendo mfupi wa miguu, mahali palipolelewa sehemu kubwa ya muziki wa nchi hii. Hapo Mnazi Mmoja umesimama ukumbi wa Arnautoglu, uliojengwa kwa fedha za mkulima wa mkonge wa Kigiriki aliyeuachia jina lake, na ambamo katika miaka ya 1950 watu walicheza dansi usiku na kufanya mikutano ya siasa mchana. Mbele yake, Kariakoo, upo ukumbi wa D.D.C., ambao Msondo na Sikinde waliupigia muziki kwa miaka mingi. Na kuzunguka mtaa huo zipo shule za sekondari zenye majina makubwa: Jangwani, Azania, Zanaki, Kisutu, Tambaza, na ndani ya Kariakoo yenyewe, Benjamin Mkapa. Mgeni angedhani ya kuwa nchi yenye shule zilizopakana hivi na ngoma haiwezi kukosa walimu wa muziki. Mambo sivyo yalivyo. Muziki ni somo lenye mtihani wa taifa kwa kidato cha nne, tena ni mtihani wa siku nyingi. Lakini shule zinazopeleka watahiniwa wa somo hilo ni chache mno, katika Dar es Salaam na katika nchi nzima.

Sababu itolewayo daima ni umaskini: hakuna vinanda, hakuna walimu, hakuna nafasi katika ratiba. Sababu hiyo ni ya kweli, wala hapana haja ya kuipinga. Ila haitoshi. Klabu za Kariakoo zilianza na umaskini mkubwa kuliko huo, zikatoa wapigaji wa kusifiwa. Iko sababu nyingine, ambayo ni ya fikira zaidi kuliko ya fedha, nayo inahusu lugha yenyewe.

Kiswahili cha zamani hakikuwa na neno moja la kukusanya yale yote ambayo leo huitwa muziki. Kilikuwa na ngoma, neno linaloshika chombo, mchezo, na hata shughuli nzima yenye chakula na wageni. Kilikuwa na wimbo, kasida, maulidi. Baadaye kikapokea taarab kutoka Kiarabu, beni, dansi na kwaya kutoka kwa Wazungu. Kila neno lilikuja na watu wake, nguo zake na saa yake. Neno muziki lilipoingia shuleni halikuyakusanya hayo chini yake, bali lilikaa kando yao. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kariakoo aliyecheza mdundiko tangu alipoweza kutembea, akiifuata ngoma mtaa kwa mtaa mpaka mama yake akatuma mtu kumrudisha, huambiwa darasani ya kuwa hajui muziki hata kidogo. Na yeye huamini.

Historia haikuanza hivyo. Shule ya serikali ya Tanga, iliyofunguliwa na Wadachi katika miaka ya 1890, ilikuwa na bendi ya matarumbeta ya wanafunzi. Bendi za namna hiyo, za shule, za misheni na za askari, ndizo zilizozaa beni, ngoma iliyoenea pwani yote na bara, yenye vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vilivyoshindana kwa mavazi, vyeo na nyimbo. Vita vya 1914 hadi 1918 viliisambaza kwa miguu ya askari na wapagazi; na jina la Kariakoo lenyewe ni la hao wapagazi, waliokuwa na kambi yao mahali hapo baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916. Hata wimbo wa taifa ni zao la shule. Enoch Sontonga, aliyetunga sauti yake mwaka 1897, alikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, mwenye kwaya ya wanafunzi wake. Mamia kwa maelfu ya vijana huuimba wimbo huo wamesimama mstarini kila asubuhi, na ni wachache mno walioambiwa ya kuwa mtunzi wake alikuwa mwalimu mwenye darasa kama la kwao.

Shule ilipoacha kazi hiyo, klabu ziliishika. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, Western Jazz mwaka 1944, Kilwa Jazz mwaka 1958 chini ya Ahmed Kipande, na NUTA Jazz mwaka 1964, ambayo baada ya kubadili majina mara kadhaa ndiyo Msondo Ngoma. Klabu ilikuwa na wanachama, ada na vyombo vyake. Kijana aliyetaka kujifunza aliingia kwa mlango wa nyuma: alibeba vyombo, akakaa karibu na mpiga besi, akaachiwa gitaa wakati wa mapumziko, akapewa rizimu, na siku moja, mpiga solo alipougua, akasimama mbele. Yalikuwa mafundisho yasiyo na kitabu, tena yasiyo na huruma, maana wacheza dansi hawakumvumilia mtu anayekosea. Lakini mwenye kufundishwa hivyo alifundishwa mbele ya watu, na hilo ndilo jambo ambalo darasa halijaweza kulipata. Leo nyumba nyingi za chini za Kariakoo, zenye vyumba sita na uani, zimekuwa maghorofa ya maduka. Gitaa huuzwa huko. Pa kulipigia hapako.

Mwalimu Nyerere aliyaona mapema. Katika hotuba yake ya kwanza ya Urais bungeni, Desemba 1962, alilaumu elimu ya kikoloni kwa kuwafanya wasomi waone haya ngoma za kwao na kujivunia rumba na chachacha, akaunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ili kuuondoa ugonjwa huo. Nia ilikuwa njema kabisa. Kosa, kama ni haki kuliita kosa, ni kwamba ngoma iliwekwa katika wizara moja na darasa likabaki katika wizara nyingine. Pakaundwa kikundi cha ngoma cha taifa, na mwaka 1981 pakafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na marimba za Kigogo, alikuwa miongoni mwa walimu wake. Ngoma ikapata jukwaa na heshima. Shule ya sekondari ikapata nyimbo za kupokea wageni.

Hapa ndipo uhakiki unapostahili kukaa kitako. Katika shule nyingi za mjini nafasi ya mwanafunzi kuimba au kupiga ngoma mbele ya watu huja siku ya mahafali, au siku anapofika mgeni rasmi. Wiki mbili kabla, mwalimu huteua watoto wenye sauti, huwatungia maneno ya kumshukuru mgeni kwa maendeleo aliyoyaleta, nao huimba dakika nne. Mgeni hutoa noti. Kisha kwaya huvunjwa mpaka mwaka ufuatao. Muziki wa namna hiyo haumfunzi mwimbaji lolote isipokuwa adabu ya kupokea wageni, ambayo nayo ni jambo jema, lakini haikuhitaji sauti nne. Mashindano ya UMISSETA yameingiza kwaya na ngoma kando ya michezo, na hilo ni la kusifiwa. Hata hivyo mpira ndio bwana wa siku hizo, na muziki ni mgeni wake. Jirani Kenya wana tamasha lao la muziki, lililoanza mwaka 1927, ambalo kila mwaka shule hupanda kutoka ngazi za chini hata kufika taifa zima, zikiimba nyimbo za kigeni na za makabila mbele ya waamuzi wanaosema wazi nani alikosea na wapi. Pengine kauli hiyo ya mwamuzi ina thamani kuliko kikombe, kwa sababu mwanafunzi anayejua ya kuwa atahukumiwa na mtu ajuaye kazi hujifunza tofauti na yule anayejua ya kuwa atapigiwa makofi kwa vyovyote.

Lakini jambo kubwa zaidi liko katika chumba kingine, nalo halihitaji kinanda wala senti moja. Muziki umo tayari katika kila shule ya sekondari ya Tanzania, katika kipindi cha Kiswahili, ila umetiwa kufuli. Umo katika ushairi.

Sheikh Kaluta Amri Abedi, meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 1964, aliandika katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, kilichotoka mwaka 1954, ya kuwa shairi ni wimbo, na lisiloimbika halifai. Wamekuja wengine baadaye kuipinga sheria hiyo, hasa tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, na mabishano yao yamejaza kurasa nyingi. La kustaajabisha ni kwamba pande zote mbili zimeshindwa na darasa. Darasani shairi haliimbwi, liwe la vina au lisilo na vina. Huandikwa ubaoni, mwanafunzi akaambiwa ahesabu mizani, ataje vina vya kati na vya mwisho, aeleze bahari yake, kisha afute ubao. Yeye huhesabu mizani kumi na sita kwa vidole, nane kwa nane, kama mwenye duka anayehesabu mikate. Angeliimba shairi hilo, mizani ingejihesabu yenyewe: pumzi hukatika penye kina cha kati, sauti hurudi nyumbani penye kina cha mwisho, na mshororo uliopungua silabi moja humkwaza mwimbaji kama ngazi iliyong'oka.

Chukua utenzi. Mwalimu hueleza ya kuwa ubeti una vipande vinne, kwamba vitatu vya mwanzo hufanana vina, na cha nne hubeba kina kinachopita beti zote hata mwisho. Mwanafunzi huandika hayo asione sababu yake. Akisikia utenzi unaghaniwa hata beti kumi tu, ataona sababu pasipo kuelezwa: kina kile cha mwisho ndipo mghani anapovuta sauti na msikilizaji anapopumua, na bila hicho utenzi wa beti mia tano usingalisikilizika. Kadhalika wimbo wa mishororo mitatu, ambao ni umbo la taarab. Siti binti Saad, ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake, alikwenda Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti katika sahani za santuri. Nyimbo zake ni tungo za Kiswahili zenye vina na mizani kama zile za vitabuni. Mwanafunzi husoma wasifu wake kama habari za mtu mwema, asisikie sauti yake hata mara moja.

Wakati fulani shule zilipata kuonja utamu wa jambo hili. Mathias Mnyampala alipoeneza ngonjera, vijana walisimama wawili wawili wakajibizana kwa beti mbele ya wazazi, na kwa miaka kadhaa hapakuwa na sherehe ya shule bila ngonjera. Ni kweli kwamba nyingi zilikuwa siasa tupu, na mahadhi yake yalizidi kufanana mpaka yakachosha. Ila zilithibitisha ya kuwa mtoto wa kidato cha pili anaweza kusimama na kutoa sauti yake katika Kiswahili chenye kanuni, bila chombo, bila mwalimu aliyesomea muziki.

Kuhusu somo la muziki lenyewe, hufundishwa kwa Kiingereza kama masomo mengine ya sekondari, na mtoto hujifunza majina ya Kiingereza ya alama asizopata kuzisikia zikipigwa. Hali maneno ya kazi yapo, tena yako midomoni mwa watu wa kwaya na bendi: sauti ya kwanza hadi ya nne, besi, nota, mahadhi, kiitikio, kibwagizo, kupanda na kushuka, kuingia na kuitikia, na majina ya ngoma kwa kazi zao, chapuo, vumi, msondo. Wenye kamusi wameyaandika machache, tena kwa maelezo ya mkato. Dada zao wa Zanzibar, katika chuo cha muziki kilichoanza kufundisha mwaka 2002, wamefundisha udi, kanuni na fidla za taarab, na kwa hiyo kuna watu wanaoweza kuulizwa.

Januari 2024 mtaala mpya ulianza, wenye mkondo wa amali ambamo sanaa bunifu, muziki ukiwa mmoja wao, zimepewa mahali pake. Wapo wanaofurahi, na wana haki. Lakini amali ni ufundi, na ufundi hufundishwa na fundi. Mafundi wa Kariakoo ni wale wapigaji wazee wa bendi wasio na vyeti, na vijana wa mchiriku na singeli, waliotengeneza muziki mzima kwa vinanda vidogo vya bei rahisi na vipaza sauti vilivyochakaa, ambao shule huwaita wahuni. Maneno ya baadhi ya nyimbo zao hayafai darasani. Hilo halina ubishi. Hata hivyo mtu anayeweza kupanga maneno ya Kiswahili juu ya mwendo wa kasi kama ule, silabi isidondoke, anajua jambo kuhusu mizani ambalo mwalimu wa ushairi angepaswa kumwuliza. Kanuni za ajira hazimruhusu kuingia darasani kwa mlango wa mbele. Yule kijana wa klabu za zamani, aliyeingia kwa mlango wa nyuma akibeba vyombo, naye hakuwa na cheti.