Namba Halisi, Saa ya Viraka

Novemba 2021, kwenye mnada wa Phillips mjini Geneva, kulikuwa na saa moja ya chuma, Omega Speedmaster ya mwaka 1957. Katalogi ilikadiria kuwa ingeuzwa kati ya faranga za Uswisi 80,000 na 120,000. Mpaka nyundo inagonga na ada za mnada zinajumlishwa, bei ilikuwa imefika faranga 3,115,500. Hakuna Omega iliyokuwa imewahi kuuzwa mnadani kwa kiasi hicho. Aliyeinunua ni Omega yenyewe, kwa ajili ya makumbusho yake. Juni 2023 kampuni hiyo hiyo ikatangaza kwamba saa ile ilikuwa ya kuungaunga, na kwamba watu watatu waliowahi kuwa wafanyakazi wake walihusika.

Wengi walicheka: mtengenezaji kauziwa feki ya saa yake mwenyewe. Mimi nilibaki na swali la kifundi. Iliwezekanaje? Maana saa ya milioni tatu hupita mikononi mwa watu wanaokula na kulala na saa, wenye lenzi jichoni na vitabu mezani.

Tuanze na aina yenyewe. Speedmaster ya kwanza kabisa, iliyopewa namba 2915, ilitengenezwa kati ya 1957 na 1959 tu. Utaijua kwa akrabu zake nene zenye ncha ya mshale, na kwa pete ya chuma inayozunguka kioo, iliyochongwa vipimo vya mwendo kasi. Ndani yake mna mtambo wa 321. Baadaye Omega ilibadilisha akrabu, ikabadilisha na pete, kwa hiyo saa za miaka ile mitatu ni chache, na walioshika hata mbili kwa mkono wao ni wachache zaidi. Uchache huo umezaa soko la vipande: akrabu zina bei yake, pete ina bei yake, mfuniko wa nyuma una bei yake. Mtu mwenye subira na marafiki wazuri anaweza kuijenga saa kipande kwa kipande, kama ajengaye nyumba Kigamboni, leo mfuko wa saruji, mwezi ujao bati mbili.

Niwe mkweli: saa yenye vipande mchanganyiko si lazima iwe ya kitapeli. Saa ya miaka sitini imeshapita kwa mafundi wengi, na fundi wa 1970 aliyeletewa akrabu zilizooza hakuwa na habari ya makumbusho. Alitoa mbovu, akatia mpya, mwenye saa akashukuru. Utapeli unaanzia mdomoni, pale saa ya viraka inapouzwa kwa maneno ya saa nzima.

Saa ya Geneva ilikuwa na chambo kingine, uso wake. Nyuso nyeusi za enzi zile zilipakwa rangi ambayo nyingine haikustahimili jua, zikageuka kahawia kama kahawa iliyotiwa maziwa kidogo. Ni kasoro ya kiwandani, lakini wakusanyaji huilipia zaidi kuliko uzima. Kasoro inayopandisha bei ni mwaliko kwa mdanganyifu, kwa sababu hakuna kipimo cha kiwanda cha kuilinganisha nacho. Kila uso umeiva kivyake.

Kilichomaliza kazi ni karatasi. Mtambo wa saa una namba, na kampuni kama Omega ina madaftari yanayoonyesha mtambo wenye namba fulani ulitoka lini na ulifungwa kwenye saa ya aina gani. Phillips ilisema baadaye kwamba taarifa za namba, tarehe na aina zilithibitishwa na Omega. Hapa ndipo pa kutulia. Daftari linasema namba hiyo ilizaliwa 1957. Halisemi kwamba ganda, uso na akrabu zilizoizunguka leo ndizo zilizozaliwa nayo. Aliyewahi kununua gari la mkononi anaelewa haraka: kadi ni halali, namba ya chesisi inasomeka, lakini injini ni ya gari jingine na milango ni ya gari la tatu. Kadi haikudanganya. Iliulizwa swali dogo, ikajibu swali dogo.

Na walioijua siri walikuwa ndani. Kwa maelezo ya Omega, aliyekuwa mkuu wa makumbusho yake ndiye aliyewasukuma wakubwa wainunue, akiisifu kuwa adimu na ya lazima kwa mkusanyiko wa kampuni. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii ilikuwa na funguo za ghala la kumbukumbu.

Waliofumbua jambo walifanya kazi ya kuchosha, ya kulinganisha. Mtafiti Jose Pereira aliichambua saa hiyo hadharani mwaka 2023, gazeti la Uswisi la Neue Zürcher Zeitung likalifuatilia, ndipo Omega ikasema. Njia yenyewe haina uchawi. Unakusanya picha za saa nyingi za aina ile ambazo hazina ubishi, unaziweka kando ya yako, unaangalia umbo la kila herufi, unene wa kila mstari, nafasi kati ya nukta na nukta. Kisha unauliza kama vipande vinakubaliana umri.

Swali hilo la umri ningependa kila mnunuzi wa saa kuukuu alibebe, na jibu lake rahisi liko gizani. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 akrabu na alama za saa zilipakwa rangi yenye radiamu ili zing'ae usiku. Radiamu inaishi karne nyingi, ila unga inaouwasha huchoka baada ya miaka michache. Kwa hiyo imulike saa ya 1957 kwa kitochi cha urujuanimno, kile cha kukagulia noti, kisha uzime. Ikiendelea kung'aa kama ya dukani, kuna mtu ameipaka upya. Na kama alama za usoni zinafifia papo hapo huku akrabu zikiendelea kuwaka, basi uso na akrabu hazikuzeeka nyumba moja.

Kwa sisi wenye ndugu Maskati kuna mfano wa karibu zaidi. Sultani Qaboos alikuwa akiagiza saa za Rolex kupitia duka la Asprey la London, zikiwa na jambia la Oman usoni, na kuzitoa zawadi kwa waliomtumikia, wakiwemo maofisa wa Kiingereza waliopigana vita vya Dhofar katika miaka ya 1970. Leo jambia lile dogo, jekundu au la dhahabu, linazidisha bei ya saa mara nyingi. Sasa fikiria wepesi wa kazi: unachukua Rolex halisi ya miaka ile, halisi kuanzia mtambo mpaka kioo, unaongeza mchoro mdogo kuliko punje ya mchele. Ganda litafaulu kila mtihani na namba zitafaulu, kwa kuwa ni za kweli. Kilichobaki cha kuhojiwa ni wino. Chini ya lenzi, mchoro wa kiwandani una kingo kali na umezeeka pamoja na maandishi mengine. Wa juzi mara nyingi huvuja kidogo pembeni, au hukaa juu ya vumbi na nyufa ambazo ulipaswa kuwa chini yake. Hapo historia ya mwenyewe ina uzito kuliko lenzi: alipewa nani, lini, kwa kazi gani, na ipo picha akiwa ameivaa?

Lakini wengi wetu hatununui saa za Masultani. Tunaletewa Submariner ya Rolex na mtu aliyetoka Dubai. Niliwahi kukaa kwa fundi mmoja wa Mji Mkongwe, Unguja, kijana akaingia na yake. "Shikamoo mzee. Naomba uniangalizie hii kabla sijammalizia mtu pesa yake." Alikuwa amekwisha kujihakikishia mwenyewe: nzito, na akrabu ya sekunde inateleza, hairuki.

Mzee aliitikia marahaba, akacheka kidogo. Uzito wa chuma ni uzito wa chuma. Na kuteleza kwa sekunde ni hadithi iliyopitwa na wakati: Rolex hupiga mapigo 28,800 kwa saa, yaani hatua nane kwa sekunde, na mitambo ya Kichina ya bei nafuu siku hizi hupiga hivyo hivyo. Akaipeleka kwenye taa, akatafuta taji dogo lililochorwa ndani ya kioo chini ya namba sita. Rolex wanaliweka tangu miaka ya mwanzo ya 2000, kwa nukta ndogo mno hata utafute na kuinamisha saa mara kadhaa. Hili lilionekana kwa macho matupu. Nyuma palikuwa na stika ya rangi za upinde wa mvua. Kijana alidhani ni dalili ya upya. Rolex waliacha stika hizo mnamo 2007, na kadi ya saa ilisema 2016.

Mimi ningeishia hapo. Mzee alitaka kuona ndani. Akafunga ufunguo wenye meno kwenye mfuniko, akauzungusha taratibu, akanipa lenzi. Submariner ya umri ule yenye dirisha la tarehe hutumia mtambo wa 3135, na humo gurudumu la mizani, lile linalokwenda na kurudi kama moyo, limeshikwa na daraja lililofungwa skrubu pande zote mbili. Mwendo hurekebishwa kwa vipande vidogo vya dhahabu vilivyo kwenye gurudumu lenyewe. Nilichokiona kilikuwa daraja la mguu mmoja, na juu yake kikono cha kusogeza upande wa kasi au upande wa taratibu, kama kwenye saa yoyote ya kawaida. Kwenye bamba la juu waliandika ROLEX kwa herufi nzuri kabisa.

Zipo kopi zinazoiga hata daraja hilo, na kwa hizo jicho la mtu wa kawaida halitoshi. Ndiyo maana makubaliano ya kabla ya kulipa yana faida kuliko ujuzi wa baadaye: muuzaji akubali saa ifunguliwe mbele yenu, na aandike kwamba akirudishiwa ndani ya siku kadhaa atarudisha pesa. Anayekataa mfuniko ufunguliwe ameshajibu. Kwa Rolex, tangu 2022 kampuni imeanza kuthibitisha saa zilizotumika kupitia baadhi ya mawakala wake. Bei iko juu, ila shaka unaiacha kwao.

Na kama umeshalipa? Ipeleke haraka, kabla siku za kurudisha hazijaisha, na usiisugue wala kuing'arisha, maana michubuko na kingo za ganda ni sehemu ya ushahidi. Kituo rasmi cha huduma kikikataa kuigusa kwa sababu ya vipande visivyo vyake, omba maelezo hayo kwa maandishi. Kinachoniudhi ni tabia ya watu kunyamaza kwa aibu, halafu kumuuzia mwingine ili pesa irudi. Kenya ina sheria ya kupambana na bidhaa bandia tangu 2008, na Tanzania kazi hiyo iko kwa Tume ya Ushindani. Sheria haitakuuliza kama nawe ulipigwa.

Kijana aliitazama ile mizani ikicheza, akanyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Lakini mzee, inakwenda vizuri?"

Mzee akaiweka kwenye mashine ya kupimia mwendo, akasubiri mistari itulie kwenye kioo. Ilikuwa inazidi sekunde nne kwa siku.

"Inakwenda vizuri sana," akasema, akaanza kufunga mfuniko.