Picha la Ngumi au Filamu ya Vitendo? Tahakiki ya Majina ya Aina za Filamu

Majina ya aina za filamu ni sehemu ya msamiati ambayo sisi wakuza istilahi tumeipita kwa haraka. Huenda tulidhani kuwa sinema ni jambo la kujifurahisha tu, na kwamba istilahi za sheria, kilimo na udaktari ndizo zenye haki ya kutangulia. Matokeo yake ni kuwa leo tunayo majina ya namna mbili yasiyosalimiana. Yako yanayoandikwa magazetini na katika maelezo ya vipindi vya televisheni, kama vile "filamu ya vitendo" na "filamu ya kusisimua". Na yako ambayo watazamaji wenyewe huyatumia wakitoka bandani, wakibishana juu ya picha waliyokwisha kuitazama. Katika makala haya tunakusudia kuyapima majina ya namna zote mbili, na mahali pa kuyapimia tumepachagua Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu.

Bariadi inafaa kwa kazi hii kuliko Dar es Salaam au Unguja. Miji hiyo ya pwani ilikuwa na majumba ya sinema tangu enzi ya ukoloni, na wakazi wake walizoea kusoma majina ya Kiingereza na ya Kihindi kwenye mabango. Simiyu ni mkoa mpya, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, na wengi wa wakazi wake ni Wasukuma waliojifunza Kiswahili baada ya Kisukuma. Huko filamu imewafikia watu wengi kwa njia ya banda la video, lile ambalo vijana huliita "kibanda umiza" kwa sababu ya mabenchi yake, na kwa njia ya vijana wanaouza filamu kwa kuzinakili. Muuzaji wa namna hiyo hana nafasi ya kutumia jina lisiloeleweka. Mkulima aliyeuza pamba yake mwezi wa Mei au Juni na ambaye yuko tayari kutoa fedha anataka kuambiwa kwa neno moja atakachokiona.

Jambo la kwanza linalomgonga msikilizaji ni upatanisho wa kisarufi. Watazamaji hawasemi "picha inaanza" bali "picha linaanza". Hawasemi "picha nzuri ya vita" bali "picha kali la kivita". Walimu wengi huliona hili kuwa kosa, na katika insha ya mtihani hatuwalaumu wakilisahihisha. Lakini mkuza istilahi hana budi kulitazama mara ya pili. "Picha ya mjomba" ni ile iliyotundikwa ukutani. "Picha la kivita" ni filamu. Kwa kubadili upatanisho tu, bila kukopa wala kuunda neno jipya, wasemaji wametenganisha vitu viwili ambavyo jina lao ni moja. Kamati nzima ya istilahi ingeweza kukaa siku mbili isipate ufumbuzi wenye gharama ndogo kama huo. Hatupendekezi kwamba "picha la" liingie katika maandishi ya Serikali, maana "filamu" imekwisha kukubalika na inatosha. Tunapendekeza tu kwamba lisiitwe uharibifu wa lugha.

Sasa tuje kwenye "filamu ya vitendo". Hii ni tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza, na ni tafsiri mbovu. Katika Kiswahili "vitendo" husimama kinyume cha "maneno": twasema mtu ana maneno mengi lakini vitendo hana. Shuleni "mtihani wa vitendo" ni ule wa maabara. Mwalimu akiambiwa kuwa leo wanafunzi wataonyeshwa filamu ya vitendo, atatarajia kuona jinsi ya kuchanganya kemikali, wala hatakosea. Tena, ni filamu gani isiyokuwa na vitendo? Watazamaji wa Bariadi hawalitumii jina hili hata kidogo. Wao wana "picha la ngumi", "picha la kivita", "picha la kikomandoo" na "picha la majambazi", na tofauti baina ya hayo wanazilinda kwa ukali. Filamu ya Bruce Lee ya mwaka 1973, Enter the Dragon, ni ya ngumi na hakuna ubishi. Filamu ya Arnold Schwarzenegger ya mwaka 1985, Commando, si ya ngumi ijapokuwa ngumi zimo, kwa kuwa mwenye ushindi hushinda kwa bunduki. Hiyo ni ya kikomandoo. Anayeziweka zote mbili chini ya "vitendo" amepoteza habari ambayo mtazamaji aliihitaji. Kama orodha inahitaji jina moja la jumla, "filamu ya mapigano" ingefaa, na aina nyingine zikae chini yake.

Msingi wa majina haya ya watazamaji unaonekana wazi kwa mtu anayezijua ngoma za Usukumani. Bugobogobo hutambulikana kwa majembe. Buyeye ni ngoma ya waganga wa nyoka. Bununguli ni ya wawindaji wa nungunungu. Ngoma huitwa kwa kazi inayofanyika na kwa kifaa kilichomo mkononi, si kwa hisia inayotarajiwa kumpata mtazamaji. Majina ya Kiingereza mara nyingi hufuata njia ile nyingine, ya hisia: ya kusisimua, ya kutisha, ya kuhuzunisha. Nasi tulipotafsiri tuliichukua njia hiyo pamoja na maneno yake, tusijiulize kama yatufaa. "Filamu ya kusisimua" ni mfano wa madhara yake. Mtengenezaji gani atakubali kwamba filamu yake haisisimui? Jina lisiloweza kukataa kitu chochote si jina la aina.

Mjadala mkali kuliko yote bandani huwa juu ya "steringi", yaani mhusika mkuu. Neno hili limetokana na tangazo la Kiingereza lililotangulia jina la mchezaji, na limegeuka kuwa jina la mtu. Kanuni inajulikana na kila mtoto: steringi hafi. Ndiyo maana filamu ya Kihindi ya Sholay, ya mwaka 1975, haijaacha kuwatesa watazamaji. Wako mashujaa wawili. Yule aliyeigizwa na Amitabh Bachchan hufa, na yule aliyeigizwa na Dharmendra hubaki. Je, Amitabh alikuwa steringi? Wapo wanaosema hapana, kwa ushahidi wa kifo chake. Wapo wanaosema ndiye, na kwamba filamu ndiyo iliyovunja kanuni. Titanic ya mwaka 1997 huleta ubishi uo huo, maana kijana hufa majini na binti huishi hadi uzeeni. Kwa hiyo, wasema baadhi yao, steringi alikuwa mwanamke tangu mwanzo.

Mwalimu wa fasihi anayesikia ubishi huu atatambua kwamba vijana wanajadili tanzia bila kulijua neno. Na hapa tunaona udhaifu wa neno lenyewe. Darasani "tanzia" ni aina ya mchezo wa kuigiza. Nje ya darasa ni tangazo la kifo, kama lile ambalo watumishi hulikuta limebandikwa kwenye ubao wa ofisi asubuhi. Ukitangaza Bariadi kuwa leo kuna "filamu ya tanzia", watu watauliza ni nani amefariki. Hatusemi neno litupwe, maana limejijenga katika vitabu vya shule. Twasema libaki huko kwenye tamthiliya za jukwaani, na kwa filamu tuseme waziwazi "filamu ya majonzi".

Jina "picha la Kihindi" lahitaji maneno machache. Katika ofisi hili ni jina la nchi ilikotoka filamu, kama "la Kichina" au "la Kinaijeria". Katika banda ni jina la aina: mapenzi yanayopingwa na wazazi, nyimbo, machozi, na ndugu waliopoteana wakiwa watoto. Ndiyo sababu mtu huambiwa "usituletee picha la Kihindi" anapotoa udhuru mrefu usioaminika, hali hajawahi kufika Bombay. Kwa hakika kuna filamu zilizotengenezwa hapa hapa nchini ambazo watazamaji huziita za Kihindi, wala hawamaanishi kuwa zimetoka ng'ambo. Mtafsiri na ajihadhari: akilikuta jina hili katika maelezo ya mdomo, asikimbilie kuandika nchi.

Tumefika mahali ambapo jina si jambo la ubishi wa vijana tu. Tunasema juu ya "filamu ya kutisha". Kwanza, neno lenyewe limepata maana ya pili. Kijana akisema "picha lile linatisha" au "steringi ametisha", anasifu. Kwa hiyo "picha la kutisha" laweza kuwa lenye mazimwi au laweza kuwa zuri mno, na msikilizaji hana budi kuulizia. Lakini si hilo linalotusumbua zaidi. Chini ya jina hili moja tumeweka vitu ambavyo Usukumani havipaswi kuwekwa pamoja. Anaconda ya mwaka 1997, yenye joka lake la mtoni, ni ya kutisha. Katika nchi ya ngoma ya buyeye, ambako nyoka hai huchezwa mbele ya watoto, hata hilo hujadiliwa, na wako wanaoiita "picha la nyoka" na kucheka. Filamu ya Mussa Banzi, Nsyuka, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, nayo ni ya kutisha. Karishika ya Nijeria, ambayo mfasiri aliyejulikana kwa jina la Lufufu aliisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za wachezaji, vile vile. Hizi mbili za mwisho watazamaji hawaziiti za kutisha. Huziita "za kichawi", au "za majini na mashetani".

Tofauti hii ni kubwa. Sehemu za Usukumani zimeshuhudia kwa miongo mingi mauaji ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Watu wenye ualbino nao wamewindwa kwa ajili ya imani za ushirikina. Katika mazingira hayo, filamu inayomwonyesha bibi akigeuka mchawi usiku hailingani na filamu ya joka la mtoni. Mtazamaji hamwogopi joka akirudi nyumbani. Bibi anamkuta jikoni. Hatusemi filamu hizo zipigwe marufuku, wala hatudai kwamba filamu huua. Tunasema kwamba mzazi, mwalimu na Afisa Utamaduni wana haki ya kulijua jambo hilo kutokana na jina, na jina "ya kutisha" linawaficha. Watazamaji walikwisha kutupatia "ya kichawi". Wenye kupenda istilahi laini wamependekeza "filamu ya mambo yasiyo ya kawaida", ambalo ni tafsiri nyingine ya neno kwa neno, refu, na tupu. Tunalikataa.

Juu ya urefu wa filamu hatutakawia. Wauzaji wana "singo", yaani filamu inayokwisha yenyewe, na "sizoni", inayoendelea. Magazeti hutumia "msimu" badala ya sizoni, na katika mkoa wa pamba "msimu wa pili" ni neno lisilohitaji mfasiri. Tunaliunga mkono kwa maana ya sehemu moja ya mfululizo. Lakini mfululizo mzima umekwisha kuitwa "tamthiliya" na vituo vya televisheni, hasa tangu kuanza kuonyeshwa kwa michezo ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Mwalimu anayefundisha Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, anapata taabu kumweleza mwanafunzi kwamba hiyo ni tamthiliya ingawa haina sehemu tisini. Hapa vituo vya televisheni vimeshinda, na njia iliyobaki ni kusema "tamthiliya ya jukwaani" na "tamthiliya ya televisheni" kila panapohitajika.

Linabaki suala la kupima. Bodi ya Filamu, iliyoundwa chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, hutumia maneno mawili: "kuhakiki" filamu, na kuipanga katika "daraja" kwa umri wa watazamaji. Kwa mwalimu, kuhakiki ni kueleza uzuri na ubaya wa kazi ya sanaa. Kwa mtumishi wa Serikali, tangu lile zoezi la vyeti la mwaka 2017, uhakiki ni neno la kumtoa mtu jasho. Hivyo "uhakiki wa filamu" laweza kuwa na maana tatu kwa wasomaji watatu. Tungependa Bodi itumie "ukaguzi", na "uhakiki" uachiwe wahakiki. "Daraja" libaki kuwa la umri peke yake. Kwa ubora, watazamaji wana "kali", "ya kawaida" na "haina kitu", na anayetaka tarakimu hutoa "alama" kama za shuleni. Wako pia wanaopima kwa wingi wa watu: banda lilijaa au halikujaa. Hicho ndicho kipimo cha mashindano ya Bagika na Bagalu, ambapo vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja na mshindi ni yule aliyevuta umati. Kipimo hicho kinamfaa mwenye banda. Mhakiki hawezi kukitegemea peke yake.

Kwa hiyo, katika fomu ya maombi ya kibali cha kuonyesha filamu, tunashauri pawe na nafasi tatu zilizotengwa: moja ya aina, ijazwe kwa majina kama "ya mapigano", "ya kivita", "ya mapenzi", "ya kichawi"; ya pili ya nchi ilikotengenezwa; na ya tatu ya daraja la umri. Neno "vitendo" lifutwe.