Ukoo wa Kazi: Nasaba na Simulizi za Familia katika Kiswahili cha Nchi ya Shaba

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili huzoeshwa mapema kukutana na habari za koo katika matini za pwani na mrima wake. Tarehe ya Pate, Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, na maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, kama alivyoyasimulia mwenyewe, ni matini zilizohaririwa, zikachapishwa na kutahiniwa. Akivuka Ziwa Tanganyika na kushuka kusini hadi nchi ya shaba, orodha yake hukatika ghafla, kana kwamba wasemao Kiswahili wa huko hawana mababu. Ukimya huo hautokani na uhaba wa matini. Unatokana zaidi na mazoea ya wahakiki, ambao kwa miaka mingi wamekiona Kiswahili cha Katanga kuwa ni malighafi ya mwanaisimu, haba sana kuwa mali ya mhakiki.

Mji wa Kolwezi, ambao tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba, ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Watu waliokusanywa katika kambi zake walitoka kwa Walunda, Waluba, Wasanga, Wachokwe, watu wa Kasai na wengineo. Kiswahili walikikuta kazini wakakipeleka nyumbani, na watoto wao wakakipata kama lugha ya mama. Hiki ndicho Kiswahili kinachosema *batoto* na *bantu*, kinachomwita babu *nkambo*, na ambacho barua na kitabu kwacho ni *mukanda*. Kukipima kwa mizani ya Unguja ni sawa na kulaumu kisamvu kwa kuwa si mchicha. Swali lenye manufaa kwa mhakiki ni jingine: watu waliokutanishwa na kampuni, wasio na mzee mmoja wala makaburi ya pamoja, husimulia vipi habari za familia zao?

Ziko njia zaidi ya moja, na ya kwanza ndiyo iliyo karibu zaidi na pwani. Bunkeya, ambayo leo imo katika mkoa huohuo wa Lualaba, ilikuwa ikulu ya Msiri, mwana wa ukoo wa Kisumbwa kutoka magharibi ya Tanzania ya sasa, aliyeijenga dola ya Garenganze katika karne ya 19 kwa biashara ya shaba, pembe na watumwa. Njia zake za biashara zilifika Tabora na Zanzibar upande mmoja, na Benguela upande wa pili. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 kwa risasi ya Bodson, ofisa wa msafara wa Stairs, msafara ambao, na jambo hili si la kupuuzwa, ulianzia Zanzibar. Mwanawe Mukanda-Bantu ndiye aliyerithi kiti, na warithi wake wakaendelea kuhifadhi habari za nyumba yao. Mmoja wao, Antoine Mwenda Munongo, alizichapisha kwa Kifaransa katika Pages d'histoire yeke mwaka 1967. Kwa muundo, habari hizi ni ndugu wa Habari za Wakilindi: mgeni anakuja, anatenda jambo kubwa, anapewa nchi, na nasaba yake inakuwa hati ya kumiliki. Nguvu yake ni nguvu ya kila tarehe ya kifalme, na udhaifu wake ni uleule: wasio wa nyumba hiyo huonekana kama umati tu, wakitoa kodi na wakikimbia vita.

Njia ya pili ni ya ajabu zaidi, na imetafitiwa na wanaanthropolojia kuliko wahakiki wa fasihi. Padre Placide Tempels, Mfransisko aliyejulikana kwa kitabu chake La Philosophie bantoue cha mwaka 1945, alihudumu karibu na Kolwezi, na huko, miongoni mwa wafanyakazi wa migodi na wake zao, ikazaliwa harakati iliyojiita Jamaa. Jina lenyewe ni hoja. Kwa msemaji wa pwani jamaa ni ndugu na watu wa nyumbani. Hapa neno hilo lilichukuliwa na watu ambao jamaa zao wa damu walikuwa mbali kwa siku nyingi za safari, likapewa kazi ya kuunda undugu mpya. Wanajamaa waliingia kwa ndoa, mume na mke pamoja, wakaitana baba na mama. Kila ndoa ilijua ni ndoa gani iliyoizaa kiroho, na ile ilizaliwa na nani, hadi kufika kwa Tempels mwenyewe. Kwa maneno mengine, mjini kwenye namba za wafanyakazi na nyumba za safu palitungwa nasaba kamili, yenye vizazi vyake, mafundisho yake na siri zake, na yote kwa Kiswahili. Johannes Fabian, aliyefanya utafiti wake huko katika miaka ya 1960 na kuutoa katika kitabu Jamaa mwaka 1971, alitambua kuwa mafundisho hayo ni utanzu wa usemi wenye kanuni zake. Alichokiacha wazi ni uhusiano wa utanzu huo na nasaba za Kiswahili zilizotangulia. Uhusiano huo upo: katika tarehe za pwani kuzaa ni jambo la damu linalothibitisha utawala, na katika Jamaa kuzaa ni jambo la neno linalothibitisha undugu, ila katika zote mbili msimulizi hawezi kuanza kusema kabla hajaeleza ametoka kwa nani.

Njia ya tatu ndiyo inayostahili kukaliwa kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1965, katika mji ambao bado uliitwa Elisabethville na ambao mwaka uliofuata ungekuwa Lubumbashi, André Yav alitunga kwa niaba ya watumishi wa zamani wa majumbani matini iliyopigwa taipu na kurudufiwa, ikiitwa Vocabulaire ya mji huo. Fabian, akisaidiwa na Kalundi Mango, aliihariri na kuitoa mwaka 1990 chini ya jina History from Below, pamoja na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho.

Jina alilolichagua Yav halimsaidii msomaji. Vocabulaire kwa Kifaransa ni orodha ya maneno, na atakayeifungua matini hii akitafuta kamusi ataifunga upesi, kwa maana ndani mna historia: Mfalme Leopold II, Msiri na mwisho wake, kuja kwa Wazungu, Vita vya Kwanza vya Dunia, na juu ya yote maisha ya watumishi walioitwa maboi. Wahariri waliona jina hilo kuwa fumbo. Huenda fumbo likapungua likisomwa kwa masikio ya Kiswahili, ambamo *maneno* si vitamkwa pekee. Ni habari, ni mambo yaliyotukia, na mara nyingi ni madai na mashitaka, kama asemapo mtu kwamba ana maneno na jirani yake. Kwa maana hiyo Vocabulaire ni maneno ya mji: yale ambayo mji umeyatenda, na yale ambayo watu wake wanayo juu yake.

Jina la wahariri nalo linahitaji kuhojiwa. Kusema kuwa hii ni historia kutoka chini ni kumweka boi chini ya ngazi akitazama juu. Boi hakukaa huko. Alikuwa jikoni, chumbani, mezani. Alijua Mzungu wake anakula nini, anagombana na nani, anaogopa nini. Mahali pake pa kusimulia ni ndani. Wazungu katika matini hii hujulikana kwa majina ya utani waliyopewa na watumishi na wafanyakazi, na majina hayo yanafanya kazi ambayo katika Tarehe ya Pate inafanywa na majina ya masultani: yanagawa wakati. Kipindi hujulikana kwa bwana aliyekuwapo. Tofauti ni kwamba sultani alijipa sifa zake, au alimpa mshairi kazi hiyo. Bwana wa Katanga alipewa jina na yule aliyemfulia nguo, na hakuwa na uwezo wa kulikataa.

Hata habari za *mutumbula*, wale watekaji wa usiku waliosemekana kuwakamata Waafrika ili waliwe, zinabadilika zikisomwa kutoka ndani. Mwanahistoria anayetafuta ushahidi ataziita uvumi na kupita. Lakini msimulizi ni mtu ambaye maisha yake yote amemlisha mtu mwingine, akasimama nyuma ya kiti huku mwingine anakula. Katika kinywa chake swali la nani anamla nani si ushirikina.

Ukoo anaousimulia Yav ni ukoo wa kazi. Mababu zake katika matini hii ni wale waliotangulia kuwatumikia Wazungu walipofika: walibeba, walipika, walikwenda nao vitani, walikufa. Hakuna damu inayowaunganisha. Wanaunganishwa na kazi, na kwa kazi hiyo wanadai kuwa mji ni wao. Dai hili ni zito kuliko linavyoonekana kwanza. Nasaba ya Bunkeya inasema: nchi ni yetu kwa kuwa babu yetu aliitawala. Yav anasema: mji ni wetu kwa kuwa wazee wetu waliujenga na kuutumikia.

Uzito wake ulionekana miaka 27 baadaye. Mwaka 1992 na 1993 familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa kutoka Likasi na Kolwezi, nyingi zikiwa zimezaa huko vizazi viwili au vitatu. Zilikaa kwenye vituo vya reli zikisubiri treni, zikiwa na vyombo vyake, na zipo zilizozika watu wake hapohapo. Swali waliloulizwa watu wale lilikuwa swali la nasaba: babu yako alitoka wapi? Kampuni nayo ilikuwa imelihifadhi jibu, kwani tangu mwisho wa miaka ya 1920, ilipoanza sera ya kuwatuliza wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto, familia ilihesabiwa ili ipewe nyumba, matibabu na posho. Karatasi za namna hiyo ni hifadhi ya kweli ya historia za familia, lakini zinajua swali moja tu. Zinaandika mtu alikotoka, haziandiki amekuwa nani. Matini ya Yav ndiyo inayolijibu swali la pili, na hapo ndipo inapopita kumbukumbu nyingi za kampuni kwa thamani, pamoja na makosa yake yote ya tarehe na majina.

Inafaa kukumbushwa pia kwamba waliotia sahihi matini hizi, Munongo kwa ufalme, Yav kwa watumishi, na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliyesimulia historia ya nchi kwa picha katika miaka ya 1973 na 1974, wote ni wanaume. Jamaa pekee ndiyo iliyomtaka mke awe nguzo sawa na mumewe katika kuzaa neno, na Jamaa ndiyo iliyobaki zaidi katika usemi kuliko katika maandishi. Anayetaka kuzisikia simulizi za mama wa kambini, aliyepanga foleni ya posho na kuzaa katika hospitali ya kampuni, hana budi kuanzia kwenye kanda za sauti na kwa wazee walio hai, si kwenye rafu.

Rafu zenyewe ziko mbali. Picha 101 za Tshibumba, zilizochapishwa pamoja na mazungumzo yake katika Remembering the Present mwaka 1996, zimehifadhiwa Amsterdam. Matini ya Yav imewekwa katika mkusanyiko wa Archives of Popular Swahili, kazi ya wataalamu wa mji huohuo. Kazi hiyo ni ya kushukuriwa, kwani bila yao huenda karatasi za Yav zingefungiwa karanga. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000 chini ya Donatien Dibwe dia Mwembu, Bogumil Jewsiewicki na wenzao, ulirudisha sehemu ya kazi nyumbani kwa kuwaalika wakazi kuleta vitu na habari zao katika makumbusho ya mji. Kolwezi haikupata bahati ya kiwango hicho. Kati ya mwaka 2003 na 2004 Gécamines, mrithi wa Union Minière, iliwaachisha kazi watu zaidi ya 10,000, na walipoondoka waliondoka na stakabadhi zao. Mwaka 2014 kobalti ilipogunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, watu walichimba ndani ya ua na hata sebuleni. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta na wakazi wakahamishwa. Katika nyumba za namna hiyo ndimo yanamokaa masanduku ya bati yenye vyeti vya ubatizo, vitabu vya kazi, picha za arusi na barua za Kiswahili.

Kwa idara za Kiswahili kazi iliyopo ni ya kawaida kabisa, kazi ya uhariri. Toleo la mwaka 1990 liliwapa wasomaji nakala ya taipu ya Yav, kisha usomaji wa Mango, aliyeisoma matini kwa sauti ili maneno yaliyogawanywa au kuunganishwa ovyo yapate mipaka yake, na mwisho tafsiri ya Kiingereza. Mpangilio huo unafichua jambo: matini iliandikwa ili isomwe kwa sauti mbele ya watu wanaojua tayari nusu ya habari. Mhariri wa Kiswahili haihitaji tafsiri. Anahitaji kuamua kama *bantu* itabaki *bantu*, kama mipaka ya maneno itafuata jicho la Yav au sikio la Mango, na kama tanbihi zitaeleza *nkambo* kwa msomaji wa Mombasa au zitamwacha msomaji wa Mombasa aulize.